Haki kwa Watu wa Asili Waishio Mijini: Huduma Inavyoongozwa Nchini Kanada

Wasaidizi wa kisheria tunawafahamu. Parokia nyingi zinao, na kamati za haki na amani zimewategemea katika mashauri ya ardhi, mirathi na ndoa. Makala haya yanaeleza huduma ya namna hiyo inayotolewa mbali na kwetu, katika miji ya Kanada, kwa watu wa asili wa nchi hiyo. Tumeichagua kwa sababu inaonesha wazi kiongozi wa huduma ya haki anafanya kazi gani hasa, na kwa sababu makanisa nayo yamo katika historia iliyofanya huduma hiyo ihitajike.

Watu wa asili wa Kanada ni wale waitwao Mataifa ya Kwanza, pamoja na Wainuit na Wametis. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8, yaani asilimia 5 ya wananchi wote. Hata hivyo, mwaka 2022 walikuwa karibu theluthi moja ya wafungwa katika magereza ya serikali ya shirikisho, ambako hupelekwa wenye vifungo vya miaka miwili na zaidi. Kwa upande wa wanawake walikuwa karibu nusu.

Msomaji asikimbilie kudhani kwamba watu hawa wana asili ya uhalifu. Kwa zaidi ya miaka mia moja serikali ya Kanada iliwachukua watoto wao na kuwaweka katika shule za bweni, nyingi zikiendeshwa na makanisa: Katoliki, Anglikana, Presbiteri na mengine. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo. Walikatazwa kusema lugha za mama zao, wengi walipigwa na kunajisiwa, na maelfu walifariki. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kanisa Anglikana la Kanada liliomba radhi mwaka 1993, na Papa Fransisko aliomba msamaha huko Maskwacis, jimboni Alberta, Julai 2022. Lakini aliyekua bila kuona mzazi akilea, naye huja kuwa mzazi. Watoto wa watoto hao wengi walichukuliwa tena na ofisi za ustawi wa jamii, na kutoka huko hadi mtaani, kisha kituo cha polisi, si safari ndefu.

Kwa nini mjini?

Wengi hufikiri kwamba watu wa asili wote wanaishi katika maeneo waliyotengewa huko mashambani. Sivyo. Mwaka 2021 zaidi ya 800,000 walikuwa wakazi wa miji mikubwa. Wapo waliofuata kazi, masomo au matibabu, wapo wanawake waliokimbia kipigo, na wapo waliolelewa na familia za watu wengine hata hawajui kabila lao. Mtu wa namna hiyo akifikishwa mahakamani huulizwa anaishi wapi na nani atamdhamini. Hana jibu, hivyo anarudishwa mahabusu. Akikaa humo majuma kadhaa, huona heri akiri kosa ili yaishe, hata kama alikuwa na utetezi.

Sheria ilianza kubadilika mwaka 1996. Kifungu kipya cha Kanuni ya Adhabu kiliwataka mahakimu wafikirie adhabu nyingine zinazofaa kabla ya kifungo, na waangalie kwa namna ya pekee mazingira ya watu wa asili. Kikazuka kipingamizi: je, kifungu hicho kinamhusu anayeishi mjini? Katika kesi ijulikanayo kwa jina la Gladue, mwanamke wa kabila la Wacree alikuwa amemuua mwenzi wake katika mji wa Nanaimo. Jaji aliyemhukumu aliona kwamba, kwa vile waliishi mjini nje ya eneo lililotengwa, hakuna mazingira ya pekee ya kuangaliwa. Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi, tarehe 23 Aprili 1999, ilisema hapana: kifungu kinamfuata mtu popote aishipo. Adhabu yake ya miaka mitatu haikupunguzwa, kwani marehemu naye alikuwa mtu. Mwaka 2012, katika kesi ya Ipeelee, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba hakimu asiyezingatia historia ya shule za bweni na ya kuhamishwa kwa watu hawa anakosea kisheria.

Kazi yenyewe

Amri hiyo ni njema, lakini hakimu hamjui aliye mbele yake. Lazima awepo wa kumweleza. Jijini Toronto kazi hii hufanywa na shirika la watu wa asili wenyewe, Aboriginal Legal Services, lililoanzishwa mwaka 1990. Oktoba 2001 ilifunguliwa jijini humo mahakama ya kwanza ya Gladue, yenye watumishi waliozoea mashauri haya.

Asubuhi mhudumu wa mahakamani hukutana na walioletwa kutoka mahabusu. Si wakili. Humfafanulia mshtakiwa shitaka kwa maneno mepesi, humkutanisha na wakili, na hutafuta mahali pa kulala ili dhamana iwezekane. Mwandishi wa ripoti naye huchukua wiki kadhaa akizungumza na mshtakiwa, shangazi, babu, mwalimu wa zamani, yeyote anayemkumbuka. Anayoyakusanya huwasilishwa mahakamani pamoja na mapendekezo yanayotekelezeka. Mtu akitajwa kwamba anafaa kutibiwa ulevi, kituo kiwe kimekwisha kukubali kumpokea. Vilevile lipo Baraza la Jamii: mwendesha mashtaka akiridhia, shauri huondolewa mahakamani na mshtakiwa huketi na wazee wa jamii yake wanaojitolea. Baraza haliwezi kumfunga mtu, ila laweza kumtaka alipe fidia, atumikie jamii au apate ushauri nasaha. Waliowahi kukaa mbele ya wazee wao wataelewa kwa nini wengine huona hilo gumu kuliko faini.

Kiongozi wa huduma hii yuko kati ya pande mbili. Sehemu kubwa ya fedha hutoka serikalini, na serikali hiyo hiyo ndiyo inayoshitaki. Akiwa mkali mno, milango ya mahakama hufungwa. Akiwa mpole mno, wateja humwona kuwa karani wa mahakama na hawamwambii neno. Waandishi wake husikiliza habari za kunajisiwa na kufiwa siku baada ya siku, na asipowapumzisha atawapoteza. Tena hawezi kuwasahau waliodhurika, kwa kuwa mara nyingi nao ni watu wa asili, pengine wa ukoo ule ule.

Kwa wafadhili, swali la kesi ngapi zimeshinda halisaidii sana hapa. Afadhali kuuliza ni wangapi walipata dhamana, ripoti ngapi zilifika kabla ya hukumu, na aliyeachiwa alikwenda wapi usiku ule. Hilo la mwisho ndilo ambalo mikataba ya serikali husahau kwa urahisi. Mtu akitolewa mahakamani saa kumi na moja jioni mwezi wa Januari, huku theluji ikianguka, anahitaji koti, nauli ya basi na anwani ya mahali anakosubiriwa.