Bulo ya freni ikikatala kufunguka

Kutoa mupira wa gari wengi tunajua, lakini kubadirisha plaketi za freni kunatushinda kwa bulo moja tu. Bulo haikatali bure. Kutu inakula chuma, tena inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Njo maana inabana.

Basi nguvu si dawa ya kwanza. Sugua kwa brosi ya chuma, tia mafuta mepesi ya kulegeza, ngoja hata saa moja (wenye haraka njo wanavunja). Gonga kichwa cha bulo kidogo kidogo, mafuta yaingie. Kisha kaza kidogo mbele ya kufungua, kutu ivunjike. Kle iwe ya pembe 6 na ienee sawasawa. Ya pembe 12 inateleza upesi na kuharibu kichwa.

Moto? Wengine wanausifu. Lakini hapo karibu kuna mipira midogo na bomba la mafuta ya freni. Vikiungua, mtashuka mulima wa Kabasha na gari isiyosimama!

Mafuta yasiguse plaketi wala diski. Ukimaliza, kanyaga pedali mara nyingi mupaka iwe ngumu, njo uwashe motere.