Mashine ya CNC ya Mezani: Akili Rahisi, Mwili wa Taabu

Je, wajua kwamba mashine ya CNC, ile inayochonga aluminiamu kwa kufuata mchoro wa kompyuta, yaweza kuongozwa na bodi yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu? Bodi hiyo ni Arduino Uno, inayoenea kiganjani, na mojawapo ya programu zinazopendwa sana na wajenzi wa nyumbani ni Grbl, ambayo Mnorwe Simen Svale Skogsrud aliianzisha mwaka 2009 na kuitoa bure kwa kila anayeitaka. Grbl husoma mistari mifupi ya herufi na tarakimu. Ukiandika G1 X20 Y5 F300, umeiamuru mashine iende kwa mstari ulionyooka hadi milimita 20 upande mmoja na 5 upande mwingine, kwa mwendo wa milimita 300 kwa dakika. Bodi hupiga hesabu, kisha hutuma mapigo ya umeme kwa mota tatu, hadi mapigo 30,000 kwa sekunde. Kazi yake imekwisha hapo.

Wengi wanaotamani kujenga mashine ya CNC nyumbani huogopa sehemu hiyo: programu, nyaya, amri. Kumbe hiyo ndiyo sehemu iliyokwisha kurahisishwa na watu wengi kabla yao.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John T. Parsons, mwanaviwanda wa mji wa Traverse City, jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Ubavu wa panga la helikopta ni mkunjo unaobadilika kila mahali, wala hauchoreki kwa bikari. Parsons na mhandisi wake Frank Stulen waliazima nguvu ya mashine za kukokotoa zilizosoma kadi za matundu, wakapata orodha ndefu ya nukta zilizo juu ya mkunjo huo. Kisha mafundi walisimama kwenye mashine ya kuchonga: mmoja anasoma tarakimu kwa sauti, wenzake wanazungusha magurudumu ya mihimili miwili hadi tarakimu zitimie, kisu kinashuka, wanahamia nukta inayofuata. Vilima vidogo vilivyobaki katikati ya nukta viliondolewa kwa tupa.

Parsons akajiuliza kwa nini kadi zenyewe zisizungushe magurudumu. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa mkataba, naye akaenda kutafuta msaada kwenye maabara ya chuo cha MIT. Mwaka 1952 MIT ilionyesha mashine kubwa ya Cincinnati Hydro-Tel ikijiendesha kwa kusoma kanda ya karatasi yenye matundu. Makabati ya kuiongoza, yaliyojaa valvu za kioo na relei, yalikaribia ukubwa wa mashine yenyewe. Mwaka 1959 chuo hichohicho kilipoitangaza lugha ya APT, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Douglas Ross ili kompyuta iandae amri za kuchonga, waandishi wa habari waligawiwa visahani vya majivu ya sigara vya aluminiamu, vilivyochongwa kwa lugha hiyo. Nakipenda sana kisahani kile. Taasisi ingeweza kutoa vitabu na hotuba. Ikatoa kitu cha kushika mkononi.

Makabati yale leo yamo kwenye bodi ya kiganjani. Lakini chuma cha mwaka 1952 na chuma cha leo kina ugumu uleule, na kisu kinachokikata kinasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Hapo ndipo mjenzi wa nyumbani anapokutana na kazi yenyewe.

Tuitazame mashine. Ina kitanda cha kufungia kipande kwa jiliwa, na mihimili mitatu ya mwendo: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Juu yake kuna spindeli, mota inayozungusha kisu maelfu ya mara kwa dakika. Kwa jicho la haraka kisu hicho utakidhani ni ncha ya keekee, ila hiki hukata kwa ubavu pia. Kila mhimili husogezwa na parafujo ndefu iliyoungwa na mota ya hatua. Mota hii haizunguki kwa mfululizo kama ya feni. Koili zake huwashwa kwa zamu, na ekseli huruka kidogo kila zamu, hatua 200 kwa mzunguko mzima. Chukua parafujo ya gololi inayotumiwa sana na wajenzi, ya kipenyo cha milimita 16, inayosogeza nati milimita 5 kwa mzunguko. Gawa 5 kwa 200: kila hatua ni milimita 0.025. Kifaa kinacholisha mota umeme huweza kugawa kila hatua mara nane zaidi, ukabaki na milimita 0.003 na ushei.

Tarakimu hiyo hulevya. Mtu huisoma akaamini mashine yake itachonga kwa usahihi huo. Lakini hicho ni kipimo cha amri, si cha kisu. Baina ya mota na ncha ya kisu kuna fremu, na fremu hupinda.

Fuatilia safari ya nguvu. Jino la kisu linapoingia kwenye aluminiamu, linasukumwa. Msukumo unapanda kwenye shina la kisu, unaingia kwenye spindeli na beringi zake, unapita kwenye reli za mhimili wa juu, unashuka kwenye nguzo, unakwenda kwenye kitanda, unafika kwenye jiliwa na kurudi kwenye kipande chenyewe. Ni mzunguko uliofungwa, na kila kiungo ndani yake huachia kidogo. Bolti moja iliyolegea huharibu kazi ya reli za bei kubwa.

Kanuni ya kupinda haina huruma. Fito iliyoshikwa upande mmoja, ukiongeza urefu wake mara mbili, nguvu ileile huipinda mara nane. Ukiongeza kipenyo mara mbili, kupinda kunapungua mara 16. Kwa hiyo kisu kilichochomoza milimita 40 kutoka kwenye kishikio ni kitu kingine kabisa na kisu hichohicho kilichochomoza 20. Ni sawa na kuandika kwa kalamu uliyoishika mwishoni. Malighafi nazo zina cheo chake: chuma hukataa kupinda karibu mara tatu ya aluminiamu, na kabaidi ya tungsteni karibu mara tatu ya chuma. Ndiyo maana visu vyembamba vya kabaidi hufanya kazi ambayo visu vya chuma vya kipenyo hichohicho hupinda vikiifanya.

Mashine ndogo zinazouzwa kwa jina la 3018, yaani zenye eneo la kazi la sentimita 30 kwa 18, nyingi zimejengwa kwa vyuma vyembamba vya mviringo na vipande vya plastiki. Kwa mbao na bodi za saketi zinafaa sana. Kwa aluminiamu hukwangua tu, tabaka baada ya tabaka. Anayejenga mwenyewe ana nafasi ya kuweka uzito panapotakiwa: mabomba ya chuma ya mraba yaliyojazwa changarawe ya matale iliyogandishwa kwa epoksi, reli pana, nguzo fupi, daraja nene. Hata zege limewahi kutumika. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Marekani ilijenga kerezo kubwa zenye mwili wa zege kwa ajili ya kutengenezea makombora, kwa kuwa zege lilipatikana upesi na halipendi kutetema.

Sasa kuchonga kwenyewe. Jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kazi hii hana budi kulielewa ni unene wa maranda, yaani vile vipande vidogo vinavyobanduka. Mwendo wa mashine ni idadi ya mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya kisu, mara unene ambao kila jino linachukua. Spindeli ikizunguka mara 10,000, kisu kikiwa na meno mawili, na kila jino likichukua milimita 0.03, mashine inapaswa kusogea milimita 600 kwa dakika. Kwa mgeni huo ni mwendo wa kutisha. Anaupunguza hadi 100, akidhani anakionea kisu huruma. Lakini sasa kila jino linapewa milimita 0.005, na ukingo wa jino, hata jipya, una mviringo mdogo usioweza kushika tabaka jembamba namna hiyo. Jino halikati tena, linasugua. Msuguano huzaa joto, na joto ambalo lingeondoka pamoja na maranda hubaki kwenye kisu. Aluminiamu, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 660 tu za Selsiasi na hulainika mapema zaidi, huganda kwenye meno, njia za kutolea maranda huziba, na kisu huvunjika.

Kwa hiyo hofu inapaswa kuelekezwa kwenye kina, si kwenye mwendo. Kata tabaka jembamba, sehemu chache za kumi za milimita kwa mashine dhaifu, lakini uende kwa mwendo unaolipa jino haki yake. Mafuta ya taa kidogo kwa brashi ni dawa ya zamani ya kuizuia aluminiamu isigande, mradi yawe machache na mbali na cheche. Miwani ni lazima. Glavu, kinyume chake, zivuliwe, kwa kuwa spindeli ikidaka uzi wa glavu huvuta na mkono.

Maranda yenyewe husomeka. Yakiwa vipande vinavyong'aa, vilivyojikunja, vyenye ukubwa unaofanana, kazi inakwenda. Yakiwa vumbi la kijivu, jino linasugua. Na sikio lina kazi yake. Kuna mlio mkali wa kukereza ambao mashine hutoa ghafla, na kipande hubaki na mawimbi usoni. Chanzo chake ni jino moja kuacha wimbi dogo kwa sababu mashine ilitetema. Jino linalofuata linakutana na wimbi hilo, linakata kwa unene unaopanda na kushuka, linasukumwa kwa nguvu inayopanda na kushuka, linaacha wimbi kubwa zaidi. Mtetemo unajilisha. Wakati mwingine dawa ni kupunguza kina, lakini mara nyingine inatosha kubadilisha mizunguko, hata kuiongeza, ili jino lisikutane na wimbi pale linapolichochea.

Mmarekani Frederick Taylor alitumia miaka 26 kuchunguza ukataji wa chuma kabla ya kutoa matokeo yake mwaka 1906, na alihesabu mambo 12 yanayoamua kasi inayofaa: ugumu wa chuma, umbo la ncha, kina, unene wa maranda, mtetemo na mengineyo. Mambo hayo hayajapungua hata moja kwa sababu mashine iko mezani.

Linabaki swali la unyoofu: mtu asiye na kiwanda atapata wapi uso ulio bapa wa kuanzia? Mwingereza Joseph Whitworth alieneza jibu katika karne ya 19. Chukua vibao vitatu, si viwili. Viwili vikisuguliwa pamoja vinaweza kushikana vizuri huku kimoja kimebinuka na kingine kimebonyea. Lakini vitatu vikipimwa kwa jozi, kila kimoja na kila mwenzake, kwa kupaka rangi na kukwangua panapogusa, haviwezi kushikana vyote isipokuwa viwe bapa. Usahihi hapo unatoka kwenye mikono na subira, bila mashine iliyo sahihi kutangulia.

Njia hiyo ya kupanda ngazi kwa ngazi ilichukuliwa na Dave Gingery wa Marekani, ambaye vitabu vyake vya miaka ya 1980 vilifundisha kujenga karakana nzima kutokana na aluminiamu chakavu: kwanza tanuru la mkaa, kisha kerezo, kisha mashine nyingine kwa msaada wa iliyotangulia, mpaka mashine ya kuchonga. Nusu ya kwanza ya elimu hiyo iko Afrika Mashariki tayari. Mafundi wanaoyeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina kwenye kalibu za mchanga ili kupata sufuria wanajua kazi ambayo wajenzi wengi wa Ulaya huanza kujifunza upya. Fremu ya mashine yaweza kumiminwa vivyo hivyo. Tahadhari moja tu: pistoni za injini huwa na silikoni nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 10, na punje zake ni ngumu, hivyo hula makali ya kisu haraka.

Kwa njia hiyohiyo ya ngazi kwa ngazi, kazi ya kwanza ya maana kwa mashine nyingi za nyumbani ni kujitengenezea viungo vyake. Mashine yenye vishikio vya mota vya mbao au plastiki hupewa kibao cha aluminiamu, hukikata taratibu kwa tabaka jembamba, na kibao hicho hufungwa mahali pa kile cha mbao. Kisha geji ya saa, ya kupimia msogeo, huwekwa kwenye kitanda, spindeli husukumwa kwa mkono, na mshale husomwa. Ukisogea kidogo kuliko jana, kina cha kukata huongezwa, na kishikio cha mhimili wa pili huanza kuchongwa.