Vigae vya Bafu katika Nyumba ya Zamani

Lilongwe ulifanywa mji mkuu mwaka 1975, lakini zipo nyumba zilizojengwa kabla ya hapo. Nyingi zina sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta. Siku hizi mwenye nyumba akitengeneza bafu hukimbilia vigae vikubwa vyeupe ving'aavyo, eti ndiyo maendeleo. Mimi sikubaliani naye. Kigae king'aacho kikilowa maji ya sabuni huteleza, na mzee akianguka huenda asiinuke tena. Tena kigae kikubwa ni shida kukilaza kwenye sakafu inayoteremkia tundu la maji. Vigae vidogo hufuata mteremko huo vizuri, na mianya yake mingi huzuia unyayo usiteleze. Rangi yake iwe nyekundu au ya kijivu, ipatane na vyumba vingine.

Huku kwetu Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, liko jambo la kutangulia hayo yote. Kuta za matofali mabichi zikinywa maji humomonyoka. Basi kabla ya kununua hata kigae kimoja, fundi apandishe saruji ukutani mpaka kimo cha magoti, na maji ya kuogea yapelekwe mbali na msingi.