Lapi Imezeeka na Huna Ganji ya Leseni? Msee, Tulia

Hii stori unaijua. Kazi ya odijo inatakikana kesho asubuhi, uko kejani Kitengela, unawasha lapi ya mtumba halafu Word inakushow leseni imeisha. Unakimbia saiba ya mtaa, jamaa anakuwekea Office ya wizi. Asubuhi faili zote zimegeuka shotikati na kazi ya wiki mbili imeenda. Hiyo haikuwa ya bure, jo. Umeilipa na masomo yako.

Sasa skiza. Kuna programu za bure ambazo ni halali kabisa. Hizi hapa:

1. LibreOffice. Iko tangu 2010. Writer ni ya kuandika, Calc ni ya mahesabu, Impress ni ya slaidi. Inafungua faili za Word. Ukisevu chagua .docx, na ukimtumia odijo kazi iliyoisha tuma PDF, ndio mistari isiruke.

2. GIMP na Inkscape. GIMP inafanya kazi ya Photoshop, Inkscape inachora logo. Posta ya klabu ama ya biashara yako, umemaliza.

3. GeoGebra. Grafu na jiometri zinachorwa ukiona. Mwanafunzi halipi kitu.

4. Kiwix. Hii ndio moto. Unapakua Wikipedia mara moja ukiwa na WiFi poa Kitengela, hata ile ya Kiswahili iko. Unaiweka kwa flashi, unashuka nayo Namanga Road hadi Isinya, Kajiado ama shule ya ndani ndani kule Mashuuru. Darasa zima linasoma bila bando hata moja.

5. Linux Mint. Windows 10 ilikatiwa sapoti Oktoba 14, 2025, na lapi nyingi za kitambo haziwezi kubeba Windows 11. Usitupe yako. Mint inataka RAM ya 2GB, ingawa 4GB ndio itakupea amani. Ijaribu kwa flashi kwanza bila kufuta kitu, na ukiamua kuiweka, hifadhi faili zako kando.

Na usidhani hizi ni vitu za majuu tu. 2004, wasee wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili chetu.

Chunga vitu mbili. Pakua kwa tovuti ya programu yenyewe, si linki ya grupu ya WhatsApp. Pili, kama mtihani wenu unafanywa kwa Access ama Publisher, fanyia mazoezi kwa hizo, usije ukashikwa mateka siku ya pepa.

Ile tamu zaidi? LibreOffice, GIMP, Inkscape na Mint, leseni zao zinakuruhusu ukopie na ugawe. Flashi moja inaweza kutosha mbogi yako yote, na hata ile skuli uliyotoka. Ukienda ocha wikendi hii, ibebe.