Kabla ya kuskeiti, jifunze kuanguka
Jumapili magari yakipungua mjini, Sunken Car Park pale Aga Khan Walk huwa ya watu wa magurudumu. Watoto wadogo wanakupita kinyumenyume, na wewe mtu mzima umekumbatia ukuta.

Mara ya kwanza nilikodi viatu, nikaona pedi za mikono ni za waoga, nikasimama wima kama askari wa gwaride. Magurudumu yakatangulia bila mimi. Nikatanguliza kiganja. Wiki sita kwa plasta, nikiandika blogu kwa kidole gumba kimoja.

Mama akasema, "Ukirudi huko usinipigie simu." Nilirudi. (Pole, mathe.)

Safari hii kijana mmoja alinifunza kuanguka kwanza. Kunja magoti, inama mbele. Ukiyumba, shika magoti yako, usishike hewa. Ukizidiwa, angukia pedi za magoti, si makalio. Kisha visigino pamoja, vidole nje, hatua fupi kama bata. Breki iko nyuma ya kiatu cha kulia: sukuma mguu mbele, inua vidole, iguse lami.

Jumapili iliyopita nilivuka uwanja mzima bila kushika mtu. Kugeuka bado. Nikifika ukutani naushika, nazunguka, narudi.