Jina la Muuzaji na Kilemba Kisichorudi: Ulinganishi wa Majukwaa ya Kuuzia Mtandaoni na Nafasi ya Mfanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua kigezo ambacho muuzaji wa Kariakoo anaweza kukitumia kulinganisha majukwaa yanayoshindana ya kuuzia bidhaa mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba ulinganishi unaojikita katika kamisheni na wingi wa wateja pekee haujitoshelezi. Jambo lenye uzito zaidi ni nani anayemiliki jina zuri la muuzaji, yaani kumbukumbu ya uaminifu wake kwa wateja, na iwapo muuzaji anaweza kuondoka na jina hilo pale jukwaa linapofungwa, linapouzwa au linapobadili masharti. Dhana ya kilemba, iliyozoeleka katika upangaji wa fremu za biashara, inatumika kuwa kiunzi cha uchambuzi.

1.0 Utangulizi

Kariakoo ni kitovu cha biashara ya jumla na rejareja nchini Tanzania. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na mitaa inayolizunguka, ikiwemo Msimbazi, Kongo, Aggrey, Sikukuu na Narung'ombe, imekuwa soko pana kuliko jengo lenyewe. Katika miaka ya 2010 soko hilo lilipata mlango mwingine, yaani simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilikuwa imeanzishwa nchini mwaka 2008, na malipo kwa simu yalipozoeleka, muuzaji aliweza kumhudumia mteja wa Mbeya au Mwanza ambaye hajawahi kukanyaga Kariakoo.

Mlango huo ulileta swali jipya: bidhaa iwekwe wapi? Majukwaa yalikuwa mengi na kila moja lilimwahidi muuzaji wateja. Mijadala ya wauzaji wanapolinganisha majukwaa hayo kwa kawaida huanza na gharama: lipi linatoza kidogo, lipi lina wanunuzi wengi, lipi linalipa haraka. Maswali hayo ni halali. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba yanaacha nje gharama kubwa kuliko zote, ambayo huonekana siku ya kuondoka.

2.0 Mnada, Mapatano na Tatizo la Imani

Biashara ya mtandaoni baina ya watu wasiofahamiana ilikua kwa kasi kupitia minada. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha nchini Marekani jukwaa la mnada ambalo baadaye lilijulikana kama eBay. Washindani walifuata: Yahoo mwaka 1998 na Amazon mwaka 1999. Wauzaji wa huko walikuwa na sababu ya kulinganisha, kwa kuwa bidhaa ileile ingeweza kunadiwa katika majukwaa matatu.

Nchini Tanzania mnada si jambo geni. Katika soko la samaki la Feri, samaki hunadiwa kila siku, na minada ya mifugo ni sehemu ya maisha ya wilaya nyingi. Hata hivyo, mnada wa mtandaoni haukuota mizizi Kariakoo, na sababu zake zinaeleweka. Kwanza, mnada unafaa kwa bidhaa ambayo thamani yake haijulikani mpaka wanunuzi washindane: samaki aliyevuliwa leo, ng'ombe huyu na si yule. Sehemu kubwa ya bidhaa za Kariakoo ni mpya, zinafanana, na zinapatikana katika fremu nyingi za mtaa mmoja. Bei yake inajulikana kwa kukadiria, na kinachobaki ni mapatano. Pili, mnada unahitaji neno la mnunuzi limfunge. Pale Feri dalali anamwona aliyepandisha bei. Mtandaoni mtu hupandisha bei kisha akazima simu. Kwa hiyo jukwaa lililojiita Kupatana lilichagua jina linaloeleza utaratibu wa soko kwa usahihi: bei haitangazwi mpaka mwisho, bali huafikiwa.

Iwe kwa mnada au kwa mapatano, tatizo la msingi ni moja. Mnunuzi hawezi kuishika bidhaa kabla ya kulipa, na muuzaji hataki kuituma kabla ya kulipwa. Mwanauchumi George Akerlof, katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, alionesha kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha bidhaa nzuri na mbovu, hukataa kulipa bei ya bidhaa nzuri, na hatimaye muuzaji mwaminifu huondoka sokoni. Methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza haifanyi kazi vizuri mtandaoni, kwa sababu huko vyote viwili vinatembezwa kwa picha, na mara nyingi kwa picha ileile. Winga asiye na bidhaa hata moja anaweza kutumia picha ya mwenye fremu, na tapeli anaweza kutumia picha ya winga.

Dawa iliyobuniwa na majukwaa ya minada ni kumbukumbu ya sifa. Mwaka 1996 eBay iliwawezesha wanunuzi na wauzaji kuandika hadharani maoni kuhusu mwenendo wa kila mmoja. Muuzaji mwenye maoni mazuri mengi aliaminiwa kuliko mgeni. Sifa iligeuka kuwa mali.

3.0 Fremu, Pango na Kilemba

Ili kueleza aina ya mali hiyo, hatuhitaji kwenda mbali. Katika upangaji wa maeneo ya biashara, mfanyabiashara wa Kariakoo anatofautisha malipo mawili. Pango ni kodi ya kutumia fremu kwa muda fulani. Kilemba ni malipo ya ziada ambayo anayeingia humpa anayetoka, au mwenye nyumba, ili kuipata nafasi yenyewe. Kilemba hulipwa kwa sababu fremu si kuta tu. Kuna wateja waliozoea kufika pale na kuna mtaa unaojulikana kwa aina fulani ya bidhaa. Anayetoka anaacha kitu alichokijenga, na kilemba humrejeshea sehemu ya thamani hiyo.

Kamisheni ya jukwaa inafanana na pango. Sifa ya muuzaji, yaani nyota, maoni na wafuasi, inafanana na kile kinacholipiwa kilemba. Tofauti ni kwamba mtandaoni muuzaji anajenga thamani hiyo ndani ya nyumba ambayo hana njia ya kutoka nayo wala ya kuidai. Kigezo cha makala hii kinatokana na tofauti hiyo: kila jukwaa lipimwe kwa pango linalotoza na vilevile kwa hatima ya kilemba.

4.0 Aina Tatu za Majukwaa

Majukwaa yaliyotumiwa na wauzaji wa Dar es Salaam yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni majukwaa ya matangazo, mathalani Kupatana, OLX na Jiji. Muuzaji huweka picha, bei na namba ya simu. Mnunuzi hupiga, hufika, huikagua bidhaa na kulipa. Jukwaa halishiki fedha wala bidhaa. Pango lake ni dogo, kwani mapato hutokana hasa na muuzaji anayelipia tangazo lake lionekane juu. Hatari yote inabaki kwa wahusika wawili. Faida yake ni kwamba mteja anabaki na namba ya muuzaji.

Kundi la pili ni masoko kamili, ambayo mfano wake mkubwa ulikuwa Jumia. Hapa jukwaa lilipokea oda, likasimamia ufikishaji, likamruhusu mteja kulipa anapopokea mzigo, kisha likakata kamisheni. Utaratibu huu ulitatua tatizo la imani kwa kiwango ambacho matangazo hayakuweza. Lakini ulikuwa na upande wa pili: aliyeaminiwa ni jukwaa. Mteja aliyeridhika alikumbuka kwamba alinunua Jumia, si kwamba alinunua kwa muuzaji fulani wa Mtaa wa Aggrey.

Kundi la tatu ni mitandao ya kijamii, hasa Instagram, Facebook na WhatsApp. Haikuundwa kuwa masoko, lakini ndiko wauzaji wengi waliko. Muuzaji hurusha picha, mteja huuliza bei, malipo hufanywa kwa lipa namba, na mzigo hupelekwa na bodaboda au hupakiwa kwenye basi la mkoani. Hakuna kamisheni ya mauzo. Kwa upande mwingine, hakuna mtu wa tatu anayeshika fedha, na katika nchi ambayo ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwa namba hii" umekuwa mzaha wa kila siku, kumshawishi mgeni alipe kwanza ni kazi nzito.

Mfano wa kubuni unaweza kuonesha namna hesabu inavyobadilika. Tuchukulie simu ya shilingi 300,000 iliyouzwa katika soko kamili linalokata asilimia 10. Muuzaji analipa 30,000. Mteja huyo akirudi mara tatu kwa bidhaa za bei hiyo, jumla ya kamisheni inafika 120,000, kwa kuwa kila mara anarudi kwa jukwaa. Mteja aliyepatikana kwa tangazo, akahifadhi namba ya muuzaji, anagharimu muda na mashaka mengi mara ya kwanza, lakini mara tatu zinazofuata hazina kamisheni. Pango kubwa linahalalishwa na imani ambayo jukwaa linaitoa. Halihalalishwi tena pale imani hiyo inapokuwa tayari ipo kati ya wawili.

5.0 Jukwaa Linapoondoka

Uzito wa kilemba unaonekana katika matukio matatu.

La kwanza ni la Marekani. Amazon ilipoingia katika minada, iliwaruhusu wauzaji kuhamisha alama zao za sifa kutoka eBay. eBay ilipinga vikali, ikidai kwamba alama hizo ni mali yake, na Amazon ikaacha utaratibu huo. Muuzaji aliyekuwa amejenga jina kwa mamia ya mauzo aligundua kwamba katika jukwaa jipya yeye ni mgeni. Baadaye, mwaka 2008, eBay iliondoa uwezo wa wauzaji kuandika maoni mabaya kuhusu wanunuzi. Mwenye jukwaa alikuwa na mamlaka juu ya kumbukumbu ya sifa na juu ya kanuni za kuiandika.

La pili linahusu umiliki. Mwaka 2016 Kaymu, soko la mtandaoni lililokuwa chini ya Africa Internet Group, lilipewa jina la Jumia Market. Mwaka 2019 Jiji ilinunua biashara za OLX katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Katika mabadiliko ya aina hii muuzaji si mshiriki wa mapatano, ingawa matangazo yake na jina lake ni sehemu ya kinachobadilisha mikono.

La tatu ndilo zito zaidi. Mwezi Aprili 2019 Jumia iliorodheshwa katika soko la hisa la New York. Tarehe 27 Novemba mwaka huohuo ilisitisha shughuli zake za soko la mtandaoni Tanzania, siku chache baada ya kufanya hivyo Kameruni. Bidhaa zilizobaki stoo zingeweza kuuzwa kwingine. Nyota na maoni hazikuwa na pa kwenda. Kwa lugha ya Kariakoo, mpangaji alitoka bila kilemba.

6.0 Namba ya Simu kama Jina Linalohamishika

Matukio ya sokoni kwenyewe yanatoa ulinganishi wa manufaa. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza jengo la soko kuu la Kariakoo, na wafanyabiashara wakalazimika kutafuta maeneo mengine. Miezi michache baadaye wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za jiji. Katika hali zote mbili mahali pa biashara palipotea kwa ghafla. Muuzaji ambaye wateja wake wana namba yake anaweza kuwaeleza alikohamia. Yule anayejulikana kwa mahali pekee anaanza upya. Mantiki hiyohiyo inatumika jukwaa la mtandaoni linapofungwa, au ukurasa wa Instagram unapoibwa na wafuasi kupotea nao.

Hapa ndipo sera ya mawasiliano inapotoa funzo. Tangu Machi 2017 mteja wa simu nchini Tanzania anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba. Kabla ya hapo, kuhama kulimaanisha kupoteza namba ambayo wateja wameihifadhi, na kampuni ya simu ilimshika mteja kwa mali ambayo mteja mwenyewe ndiye aliyeipa thamani. Utaratibu huo ulitambua kwamba namba, ingawa hutolewa na kampuni, thamani yake hujengwa na mtumiaji. Hakuna sababu ya kinadharia inayofanya hoja hiyo iishie kwenye namba. Alama za sifa nazo hutunzwa na jukwaa, lakini hujengwa na muuzaji aliyefunga mizigo, akajibu simu usiku na kukubali kurudishiwa bidhaa iliyokuwa na hitilafu.

Pingamizi moja linastahili kuzingatiwa. Sifa inayohamishika inaweza kughushiwa, na jukwaa linalopokea halina uhakika kwamba mauzo yaliyosifiwa yalifanyika kweli. Pingamizi hili ni la kweli, lakini linahusu uthibitishaji, si umiliki. Jukwaa linalotoka linaweza kumpa muuzaji cheti kinachoonesha idadi ya mauzo na malalamiko, kama mwajiri anavyompa mfanyakazi barua ya utumishi bila kudai kwamba uzoefu wa mfanyakazi ni mali ya kampuni.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba ulinganishi wa majukwaa ya kuuzia mtandaoni unapaswa kujumuisha maswali matatu. Je, jukwaa linatoza nini kwa kila mauzo? Je, ni nani anayebeba hatari kati ya malipo na kupokelewa kwa mzigo? Na je, muuzaji akiondoka leo, ataondoka na nini? Majukwaa ya matangazo hutoa jibu zuri kwa swali la kwanza na la tatu, lakini dhaifu kwa la pili. Masoko kamili yalikuwa na nguvu katika swali la pili na udhaifu mkubwa katika la tatu. Mitandao ya kijamii iko katikati: wafuasi ni wa jukwaa, lakini mazungumzo yanayoishia kwenye namba ya simu ni ya muuzaji.

Inafuata kwamba muuzaji anayetumia majukwaa kadhaa kwa wakati mmoja, huku akihakikisha kila mteja anabaki na namba yake, anakinga mali yake ya msingi. Kwa watunga sera, kanuni ya kuhama na namba inaonesha kwamba ulinzi wa aina hii unawezekana pale mamlaka zinapoamua. Bila ulinzi huo, nyota ambazo muuzaji anapewa na jukwaa zitaendelea kuwa kilemba cha ukoka: zinampamba akiwa ndani, na hazimfai kitu siku ya kutoka.