Kuhamishwa kwa Makaburi ya Jamaa

Serikali inapotaka ardhi kwa barabara, reli au bwawa, jambo liwatialo watu uchungu kuliko shamba na nyumba ni makaburi ya wazee wao. Shamba laweza kulimwa mahali pengine, lakini babu hazikwi mara ya pili ila kwa dharura kubwa. Kwa hiyo yafaa kila mwenye mji ajue sheria yasemaje.

Katika Tanzania jambo hili lina sheria yake, nayo ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi, Namba 9 ya mwaka 1969. Sheria hiyo yampa Waziri uwezo wa kuondoa kaburi lililo katika ardhi itakiwayo kwa faida ya watu wote. Lakini pamoja na uwezo huo imemwekea wajibu: jamaa wapewe taarifa, na maiti azikwe tena mahali alipopakubali kwa kazi hiyo.

Wengi hukosea katika habari ya malipo. Hudhani kwamba kaburi hulipwa bei kama mnazi au mkahawa, sivyo. Kinachofidiwa ni gharama za haki za kufukua, kuchukua, kuzika tena na kulirudishia kaburi hali yake, pamoja na gharama za ibada au matambiko yafuatanayo na kazi hiyo. Basi ukoo uchinjao mbuzi wa tambiko usione haya kutaja gharama yake, maana sheria yenyewe imeitaja.

Taabu kubwa ni makaburi yasiyo na alama. Wachagga na Wahaya wamezoea kuzika migombani karibu na nyumba, na kaburi la zamani huenda lisiwe na saruji wala msalaba, bali jiwe au mmea wa isale tu. Mthamini mgeni aweza kulipita asijue, na trekta likiisha kulima hapo, ushahidi umekwisha.

Kwa hiyo wazee na wawaonyeshe vijana kila kaburi, na majina yaandikwe. Siku ya uthamini mmoja wa ukoo awepo, ahakikishe kwamba yote yamehesabiwa kabla ya kutia sahihi, naye atunze nakala. Tena jamaa wapatane mapema na shehe, padre au mzee wa ukoo juu ya siku ya kufukua.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kaburi si mali, lakini nalo lisipoandikwa hupotea vivyo hivyo.